Je, Damu Ndiyo Isemayo Mtu Ni Nani?

Wazee husema: mwacha asili ni mtumwa. Neno hilo laeleweka upesi kijijini, mahali ambapo mtoto hufundishwa majina ya babu zake kabla ya kujua kusoma. Lakini wapo watu ambao hawakuiacha asili yao kwa hiari. Walinyang'anywa asili hiyo na njaa, na moto, na tena na uongo wa watu wengine. Hivyo ndivyo ilivyowapata wengi wa Ayalandi, kisiwa cha Ulaya kilicho magharibi ya Uingereza, nchi iliyopokea Injili zamani kwa mafundisho ya Mtakatifu Patrisi. Siku hizi Waayalandi, pamoja na wajukuu wao waliotawanyika ulimwenguni, wanaitafuta asili yao kwa njia mpya: hutema mate katika kichupa na kuyapeleka kupimwa.

Yafaa mkatekumeni alifikiri jambo hilo, hata kama hataona kichupa hicho maisha yake yote. Kwa maana ndani yake mna maswali matatu yanayomhusu kila mwanadamu. La kwanza: je, kuitafuta asili ni jambo jema? La pili: je, siri ya mzazi yaweza kufunuliwa? La tatu: je, ni damu peke yake inayomfanya mtu kuwa baba, na mwingine kuwa mwana?

1. Vitabu vilivyoungua

Mwaka 1841 Ayalandi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Maskini wake waliishi kwa viazi. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia mashambani, viazi vikaoza ardhini. Ukarudi tena na tena. Kufika mwaka 1852, watu kama milioni 1 walikuwa wamekufa kwa njaa na kwa maradhi yaliyoifuata, na wengine zaidi ya milioni 1 walikuwa wamepanda merikebu kwenda Marekani, Kanada, Uingereza na Australia. Wengi wao hawakujua kuandika. Walichukua jina la ukoo na jina la parokia vichwani mwao. Watoto wao walilishika jina la ukoo. Wajukuu walilisahau jina la parokia.

Kisha ulikuja moto. Mjini Dublin, katika jengo liitwalo Four Courts, ndimo yalimohifadhiwa maandiko ya serikali. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ghala hiyo ya maandiko ililipuka na kuungua. Vitabu vya hesabu ya watu vya 1821, 1831, 1841 na 1851 viliteketea karibu vyote. Vile vya 1861 hadi 1891 vilikuwa vimekwisha kuharibiwa kwa amri ya serikali yenyewe. Ndiyo maana hesabu ya kwanza iliyosalia nzima ni ile ya 1901.

Ni nini basi kilichookoka? Vitabu vya ubatizo na vya ndoa vya parokia za Kikatolika. Mapadri hawakuvipeleka Dublin; vilikaa katika makabati ya parokia, huko huko vijijini. Mwaka 2015 Maktaba ya Taifa ya Ayalandi iliziweka picha za kurasa zake katika intaneti, kila mtu azisome bila malipo. Hivyo mtu aliye Boston aweza kuuona mwandiko wa padri aliyembatiza babu wa babu yake. Walakini vitabu hivyo navyo vina upungufu. Katika karne ya 18 sheria za Waingereza ziliwaonea Wakatolika, na katika sehemu nyingi za mashamba vitabu vyaanza baada ya mwaka 1820 tu. Tena katika parokia moja waweza kuwakuta watu kumi wenye jina moja. Hapo, maandishi yaliponyamaza, watu walianza kuiuliza damu.

2. Damu yajua nini, na nini haijui

Karibu kila chembe ya mwili ina uzi mwembamba mno, usioonekana kwa macho, ambao wataalamu huuita DNA. Uzi huo ni kama kitabu kilichoandikwa kwa herufi nne tu. Mtoto hupokea nusu yake kwa baba na nusu kwa mama. Kwa sababu hiyo watu wa ukoo mmoja huwa na vipande vinavyofanana, na jamaa wa karibu hufanana zaidi kuliko jamaa wa mbali. Mtoto wa kaka na mtoto wa dada, kwa mfano, huwa na sehemu moja katika nane iliyo sawa. Wataalamu huyalinganisha mate ya mtu na mate ya mamilioni ya watu wengine waliopimwa, kisha humwambia: fulani na fulani ni jamaa zako.

Wanaume wana alama nyingine, kromosomu iitwayo Y, ambayo baba humpa mwanawe wa kiume, naye humpa wake, kama jina la ukoo linavyorithiwa Ayalandi. Huko majina mengi huanza na O, maana yake mjukuu wa fulani, au Mac, maana yake mwana wa fulani. Basi wanaume wenye jina moja huweza kupimwa ili ijulikane kama wametoka kwa babu mmoja.

Lakini kipimo hicho kina mipaka, na mwenye busara huijua. Watu wawili wenye babu mmoja wa kizazi cha tano ni ndugu kweli. Walakini karibu nusu ya ndugu wa namna hiyo hawana kipande hata kimoja cha kuwaonyesha. Damu imewasahau, ingawa ukoo haujakatika. Tena damu haisemi jina, wala haisemi parokia. Yasema tu: hawa wawili wana jambo pamoja. Kwa kulijua jina hapana budi kurudi kwenye kitabu cha padri. Na zile hesabu za kwamba mtu ni Mwayalandi kwa sehemu fulani katika mia ni makadirio tu. Wapimaji wanapoongeza watu wa kulinganisha nao, hesabu hubadilika, na mwenye damu hajabadilika hata kidogo.

3. Swali la kwanza: Je, kuitafuta asili ni jambo jema?

Ni jambo jema. Amri ya nne ya Mungu yaagiza kuwaheshimu baba na mama, na heshima hiyo haiishii kaburini. Mkristu huwaombea marehemu wake, naye hufurahi kuwaombea kwa majina. Tena Injili ya Mateo yaanza na orodha ya vizazi, tangu Ibrahimu mpaka Yezu Kristu. Mungu hakuona haya kuzaliwa katika ukoo. Na tazameni ni nani walioandikwa humo: Tamari, aliyepata watoto kwa baba wa marehemu mumewe, Rahabu, aliyekuwa kahaba, Ruthi, aliyekuwa mgeni, na yule aliyekuwa mke wa Uria. Mwinjili hakuwafuta. Mwenye kutafuta asili yake na awe tayari kuyapokea yote atakayoyakuta.

Lakini jambo jema huharibika likichanganywa na majivuno. Mwaka 2006 wataalamu wa Trinity College, mjini Dublin, walitangaza kwamba kaskazini-magharibi ya Ayalandi mwanaume mmoja katika watano ana alama moja ya kromosomu Y. Walidhani ya kuwa huenda alama hiyo imetoka katika ukoo wa Niall, mfalme wa kale anayesimuliwa katika hadithi za nchi. Watu wengi walifurahi kujiita wana wa mfalme. Baadaye uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba alama hiyo ni ya zamani kuliko mfalme huyo. Furaha yao ilijengwa juu ya mchanga. Yohane Mbatizaji aliwakemea waliojisifu kwa sababu Ibrahimu ni baba yao, na Mtakatifu Paulo alimwonya Timoteo juu ya orodha za vizazi zisizo na mwisho. Damu ya mfalme haimpunguzii mtu dhambi hata moja, wala damu ya mtumwa haimzuii mtu kuwa mtakatifu.

Pana na hatari nyingine. Anayetoa mate yake hutoa habari za ndugu zake pia, nao hawakuulizwa. Mwaka 2023 wezi waliiba habari za watu karibu milioni 7 katika kampuni moja ya Marekani ya vipimo hivyo, 23andMe, na mwezi wa Machi 2025 kampuni hiyo ilikwenda mahakamani kwa sababu ya kufilisika. Basi mtu asiukabidhi ukoo wake kwa wafanyabiashara kama mtu anunuaye kitambaa sokoni.

4. Swali la pili: Je, siri ya mzazi yaweza kufunuliwa?

Hapa jambo ni zito, na Mkatolika hana ruhusa kuligeuzia uso. Tangu mwaka 1922 mpaka 1998 zilikuwako Ayalandi nyumba walimopelekwa wasichana waliochukua mimba bila ndoa. Nyingi zilisimamiwa na masista. Tume ya serikali ilizichunguza nyumba 18, ikatoa taarifa mwezi wa Januari 2021: wanawake kama 56,000 walipita humo, na watoto kama 57,000, na kati ya watoto hao walikufa wapata 9,000. Watoto zaidi ya 1,600 walipelekwa nchi za nje, wengi wao Marekani, wakalelewa na watu wengine. Mjini Tuam, katika nyumba iliyokuwa mikononi mwa masista wa Bon Secours tangu 1925 hadi 1961, walikufa watoto 796, wala hapana vitabu vinavyoonyesha walipozikwa. Mwaka 2017 tume ilitangaza kwamba mifupa ya watoto imeonekana katika mashimo ya chini ya ardhi mahali pale. Tarehe 13 Januari 2021 waziri mkuu Micheál Martin aliomba msamaha bungeni kwa jina la serikali, na masista wale nao waliomba msamaha. Mwaka 2025 kazi ya kuifukua mifupa yote ilianza, na ndugu wa marehemu wanatoa mate yao, ili watoto, ikiwezekana, warudishiwe majina na kuzikwa kwa heshima.

Pana na uovu mwingine uliotendwa kwa kalamu. Mwezi wa Mei 2018 serikali ilitangaza kwamba watoto 126, kati ya mwaka 1946 na 1969, waliandikwa kana kwamba wamezaliwa na wale waliowachukua kuwalea. Mama aliyewazaa hakutajwa kabisa. Chama kilichowatoa watoto hao kilikuwa cha Kikatolika. Basi karatasi ilisema uongo, na mwenye karatasi aliuamini maisha yake yote, mpaka siku alipopimwa au alipoitwa na serikali.

Chukueni mfano wa mzee mmoja huko Marekani, ambaye alipelekwa huko akiwa mtoto mchanga. Anajipima, naye anamkuta binti wa dada ya mama yake. Anafahamu ya kuwa mama yake yu hai, mwanamke wa miaka themanini, aliyeolewa baadaye na kuzaa wengine, asiyemwambia mumewe neno hata siku moja. Siri ya mtungi aijuaye kata. Je, mzee huyo agonge mlango?

Wengine hujibu: hapana. Mama yule aliahidiwa kwamba siri yake itatunzwa. Alikwisha kuteseka, kuifungua siri leo ni kumvua nguo mbele ya wanawe. Neno hilo lina uzito. Amri ya nane haikatazi uongo peke yake; yakataza pia kufunua makosa ya mwenzi pasipo sababu ya haki. Tena haifai kudhani ya kuwa mama ndiye mkosaji mkubwa. Mara nyingi yeye ndiye aliyebeba peke yake aibu ya watu wawili, na mwanaume akaenda zake.

Wengine hujibu: ndiyo. Mtoto hakumkosea mtu. Walioahidi siri walitoa kitu kisicho chao, kwa maana jina la mama ni mali ya mtoto pia. Tena mama wengi hawakuomba siri hiyo. Waliwekewa na wengine, nao walilia mpaka kufa wakitaka kujua mtoto yuko wapi. Neno hilo nalo lina uzito, na tena ni zito kuliko lile la kwanza.

Penye mashindano ya haki mbili, mwenye hekima hutafuta mahali zinapotengana. Kujua ni jambo moja; kuingia ni jambo jingine. Sheria ya Ayalandi ya mwaka 2022 imefuata njia hiyo. Mtu aliyetolewa kwa watu wengine hupewa cheti chake cha kuzaliwa na habari za asili yake, hata mzazi asipopenda. Lakini mzazi akiandika kwamba hataki kutafutwa, mtoto huelezwa kwanza, kwa mazungumzo, maana ya kuheshimu nia hiyo, kisha hupewa habari. Kweli ni haki yake. Mlango wa mama si haki yake.

Basi mzee yule na ajue. Na aandike barua moja, kwa mama peke yake, bila kuwaambia wanawe wala kutangaza. Asemaye kweli kwa siri humpa mwenziwe nafasi ya kufungua. Asemaye kweli kwa kelele huvunja mlango. Mama akinyamaza, mzee huyo atalia, nayo ni haki yake kulia. Lakini asilipize kisasi. Na mama akifungua, wote wawili watafahamu kwamba kweli, hata ikichelewa miaka sitini, bado yaweza kuponya.

Mambo hayo si ya Ayalandi tu. Katika Kongo, wakati wa utawala wa Wabelgiji, watoto wengi waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mwafrika walitwaliwa mikononi mwa mama zao, wakapelekwa katika misioni. Mwezi wa Aprili 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba msamaha kwa jambo hilo. Na tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels iliamua, katika shauri la wanawake watano waliotwaliwa hivyo, kwamba ni kosa dhidi ya utu wa wanadamu. Aliyemnyima mtoto mama yake, hata kama alidhani anafanya wema, ameiba.

5. Swali la tatu: Je, ni damu peke yake imfanyayo mtu kuwa mwana?

Pana watu waliojipima kwa mchezo tu, wakitaka kujua kijiji cha babu zao cha Ayalandi, wakakuta kwamba aliyewalea si baba yao kwa damu. Wengine walisema: basi maisha yangu yote ni uongo. Walikosea. Tendo la siri lilikuwa uongo. Lakini unga uliotafutwa kila siku, ada ya shule iliyolipwa, usiku waliokeshwa katika homa, hayo hayakuwa uongo. Wahenga walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Walisema tena: kitanda hakizai haramu. Hawakusifu uzinzi kwa neno hilo. Walimkinga mtoto, ili asilipe deni la wakubwa.

Jibu lililo bora limo katika orodha ile ile ya Mateo. Vizazi vyote vya wafalme vyashuka mpaka kwa Yozefu. Naye Yozefu hakuwa baba wa Yezu kwa mwili, kwa kuwa Bikira Maria alichukua mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu. Walakini Yozefu ndiye aliyeagizwa na malaika kumpa mtoto jina. Kwa kumpa jina alimpokea. Kwa kumpokea alimwingiza katika ukoo wa Daudi. Kama damu peke yake ingemfanya mtu kuwa baba, orodha hiyo isingefika kwa Yezu. Na Mtakatifu Paulo afundisha kwamba hata Wakristu ni watoto wa Mungu kwa kupokewa, si kwa maumbile. Mungu mwenyewe, basi, ni Baba apokeaye.

Kwa hiyo Mkristu asiidharau damu, wala asiiabudu. Damu ni shahidi. Haidanganyi katika lile ilijualo, lakini halijui kila jambo. Haijui nani aliyekesha. Haijui nani aliyesamehe.

6. Siku ya kuandikwa

Itafika siku ambapo mkatekumeni ataketi mbele ya meza, na kitabu cha ubatizo kitafunguliwa. Ataulizwa: Jina lako nani? Baba yako nani? Mama yako nani? Umezaliwa wapi, na lini? Wengi hudhani ya kuwa maswali hayo ni desturi ya ofisi tu. Lakini katika Ayalandi, penye njaa na moto, ni vitabu vya namna hiyo vilivyowarudishia watu babu zao. Na karatasi za uongo ndizo zilizowanyima wengine mama zao. Asemaye uongo siku hiyo kwa kuona haya, humwibia mjukuu ambaye hajazaliwa bado.

Na yule asiyemjua baba yake asiogope meza hiyo. Sheria ya Eklezia yaamuru majina ya wazazi yaandikwe; lakini baba au mama asiye na ndoa, ambaye habari zake hazina ushahidi, wala yeye mwenyewe hakupenda kutajwa, haandikwi kwa nguvu, na mtoto hubatizwa na kuandikwa bila jina hilo. Hivyo Eklezia huilinda kweli bila kumwaibisha mtu. Mahali pa baba huachwa wazi kitabuni, padri asiandike jina la uongo. Kisha maji humiminwa juu ya kichwa cha mtoto yule kama juu ya wengine wote, naye huondoka pale akiwa na Baba.